Kumzoesha kinyonga mchanga mkono wa mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu zaidi kinyonga wa pwani, yule wa kijani mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Kitaalamu anaitwa Chamaeleo dilepis, na utamwona kwenye nyua na mashamba kuanzia Tanga na Muheza, Pangani, hadi Bagamoyo. Jamii nyingine za vinyonga hutofautiana kwa joto na maji wanayohitaji, lakini habari ya mkono ni ileile.

Nimemwokota uani. Naruhusiwa kumfuga?

Kwa kumwokota tu, hapana. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Anza kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), ueleze unataka kufuga nini na utampata wapi. Kumpeleka nje ya nchi ni habari nyingine kabisa: biashara hiyo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Uliyemwokota mrudishe palepale, siku hiyohiyo, na umweke juu ya tawi. Usimwache chini kwenye mchanga wa moto.

Je, wale wa Lushoto na Amani?

Waache huko. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani, na jamii ya Kinyongia, iliyopewa jina hilo na wanasayansi mwaka 2006 kutokana na neno letu wenyewe, ina wakazi kadhaa pale. Wamezoea usiku wa baridi. Mlete mmoja Tanga mjini wakati wa kaskazi, alale kwenye chumba ambacho hata saa nane za usiku kina joto, hatamaliza mwezi.

Kinyonga humzoea mtu kweli?

Huzoea. Hapendi. Tofauti hiyo ukiikubali mapema utajiepusha na makosa mengi. Kinyonga hulelewa na nani? Na hakuna mtu. Mama hutaga mayai ardhini, hufukia, huondoka, na mtoto akitoka kwenye mchanga hupanda kijiti cha kwanza anachokikuta na kuanza maisha peke yake. Hana mazoea ya kuguswa hata na wenzake. Kwa hiyo usitafute kubembelezwa. Unachotafuta ni mkono wako kugeuka tawi machoni pake: tawi lenye joto kidogo, lisilokurupuka, ambalo mara nyingi huwa na panzi mwishoni.

Wapo vinyonga watakaofika hapo kwa wiki sita, wapo watakaochukua miezi minne, na wapo ambao hawatafika kamwe. Huyo wa mwisho si mgonjwa wala hukukosea. Mfuge kwa kumtazama.

Nianze akiwa na umri gani?

Akiwa na miezi mitatu hivi ndipo umguse. Kabla ya hapo ni mwepesi mno, mifupa yake bado laini, na hofu kidogo tu humfanya aache kula; mtoto asiyekula siku mbili yuko hatarini. Lakini kazi ya kumzoesha unaianza siku ya kwanza, bila kumgusa, kupitia chakula.

Wiki mbili za kwanza nifanye nini?

Usifanye karibu chochote. Kizimba kiwe mahali pa juu, usawa wa kifua chako au zaidi, kwa sababu kinyonga anayetazamwa kutoka juu hujiona mawindo. Kwa mtoto, sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 50 zinatosha. Akikua mwambie fundi akutengenezee cha futi mbili kwa mbili, kimo futi nne. Pande angalau tatu ziwe za wavu wa dirishani ili hewa ipite. Ukanda wa pwani una unyevu wa kutosha, na kizimba cha kioo huku huota ukungu kabla mwezi haujaisha.

Ndani weka majani mengi ya kujificha. Kinyonga mwenye mahali pa kujificha hutulia haraka kuliko yule aliyewekwa wazi ili aonekane. Haibiskasi inafaa, vijiti vya mpera vinafaa. Mnyaa usiuingize kabisa, utomvu wake huunguza macho.

Nyunyiza maji kwenye majani asubuhi na jioni, kwa dakika mbili tatu. Hanywi kwenye bakuli, hulamba matone. Kisha ondoka. Pita mbele ya kizimba mara kadhaa kwa siku, taratibu, ukae karibu na shughuli zako. Usimkazie macho: macho mawili yanayomwelekea kwa pamoja ndiyo ishara ya mnyama anayepima shabaha, naye mwenyewe hufanya hivyohivyo kabla ya kurusha ulimi.

Nipeni hatua zenyewe.

Zipo tano. Usisogee hatua inayofuata mpaka hii uliyonayo imepita siku nne mfululizo bila kinyonga kubadilika rangi. Wanaoharibu kazi ni wale wanaoruka hatua siku ambayo kinyonga ameonyesha utulivu mara moja.

Ya kwanza ni kikombe. Chukua kikombe cha plastiki kisichopitisha mwanga, chenye kuta laini ili mdudu asipande, utie panzi wadogo watatu au wanne. Kifunge kwenye kijiti mahali anapopita, kisha rudi nyuma. Baada ya siku chache kishike wewe mwenyewe mpaka ale. Mkono usitikisike, uegemeze kiwiko kwenye fremu ya kizimba, maana dakika tano za kunyoosha mkono hewani si mchezo.

Ya pili ni mdudu mmoja mkononi. Mshike panzi kwa miguu ya nyuma, kichwa kikielekea kwa kinyonga, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Ulimi wake unapita urefu wa mwili wake, kwa hiyo ukimsogezea zaidi unamtisha bure. Utaona jicho moja linamgeukia mdudu, halafu la pili, halafu mwili wote unasogea mbele kidogo kama mtu anayechungulia kisimani, na mdomo unafunguka taratibu, ncha ya ulimi inaonekana. Hapo shikilia pumzi. Ukimwondoa mdudu sekunde hiyo, kesho hatajaribu. Ulimi ukigonga mdudu, mwachie mara moja. Ukiendelea kumshikilia unauvuta ulimi, na msuli wake ukiumia mnyama hawezi kulenga tena. Ukihofia vidole vyako, tumia kibano cha plastiki.

Ya tatu ni mkono mtupu unaokaa. Fungua mlango, weka mkono ndani chini ya usawa wa kinyonga, mbele yake, kiganja juu, vidole vimeungana. Kaa dakika mbili, toa. Usimfuate. Fanya hivyo kila siku saa ileile.

Ya nne ni daraja. Weka kidole cha shahada mbele ya kifua chake, juu kidogo ya kijiti alichosimama. Kinyonga hupenda kupanda kuliko kushuka, basi tawi lako liwe la kupanda. Panzi awe upande wa pili, kwenye mkono mwingine. Atagusa kidole kwa mguu mmoja, atarudisha, atagusa tena, huku akitikisika mbele na nyuma kama jani kwenye upepo. Kutikisika huko ni mwendo wake wa kawaida. Akipanda mguu mmoja na kula, siku hiyo imetosha.

Ya tano ni kutoka nje ya kizimba. Akiwa juu ya mkono kwa hiari yake, utoe mkono taratibu, ukae naye dakika mbili, mrudishe kwenye tawi lenye majani. Wiki inayofuata dakika tano. Kumi ndizo mwisho kwa mtoto, mara tatu kwa wiki, si kila siku.

Saa gani inafaa?

Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kabla ya hapo mwili wake bado wa baridi, yuko mweusi mweusi akiota jua, na hawezi hata kukimbia vizuri. Kumshika wakati huo ni kumfundisha kwamba mkono humjia anapokuwa mnyonge. Akishashiba sana mwache asage chakula. Baada ya saa kumi na moja jioni anatafuta pa kulala. Usiku usimguse kabisa, wala usimulike taa usoni ili umwonyeshe mgeni.

Mkono uwe na nini, usiwe na nini?

Uoshe kwa sabuni isiyo na harufu kali, suuza sana. Marashi, mafuta ya mwili, losheni ya mbu, harufu ya samaki, dawa ya kufulia: vyote hivyo vitoke. Baada ya kumshika osha tena, kwa sababu watambaao hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, wasionekane wagonjwa. Chumba kilichopuliziwa dawa ya mbu usimwingize. Dawa inayoua mbu humfika yeye kupitia hewa na kupitia wadudu anaokula.

Akiwa mweusi ana hasira?

Inategemea wakati. Watu wengi wanadhani kinyonga huiga rangi ya kitu alichosimamia. Rangi humbadilika zaidi kwa joto, mwanga na hali yake, ndiyo maana ni ya kuaminika kuisoma. Asubuhi kwenye jua, weusi ni kutafuta joto. Mchana kweupe, umemsogelea, madoa meusi yanatokeza ghafla ubavuni, mwili umebanwa bapa kama jani ili aonekane mkubwa, koo limevimba, mdomo wazi, na sauti kama ya hewa inayotoka kwenye tairi: huko ni kukuambia uondoke. Ondoka. Toa mkono taratibu kwa njia ileile ulioingilia. Ukiuchomoa kwa kishindo umeongeza hofu. Ukiuacha palepale kwa dakika kumi ili azoee, umemfundisha kwamba onyo lake halisikilizwi, na kinachofuata baada ya onyo ni jino.

Kuna mdomo wazi wa aina nyingine, nao ndio unaochanganywa. Kinyonga amepauka karibu kuwa mweupe, mdomo wazi, hasemi kitu, hajavimba. Huyo amezidiwa na joto. Mpeleke kivulini sasa hivi na umnyunyizie matone ya maji ya kawaida, si ya friji.

Macho yaliyofumbwa mchana ni jambo baya kuliko yote. Akifumba macho ukiwa umemshika, wengine husema "ametulia, anasinzia." Hajatulia. Amekata tamaa, au anaumwa, au hana maji mwilini. Angalia kinyesi: sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikiwa ya njano au rangi ya chungwa, ana kiu. Acha mazoezi, ongeza kunyunyiza maji, na asipofumbua kesho yake mtafute daktari wa mifugo.

Anang'ang'ania tawi, nimvute?

Usimvute hata siku moja. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, kwa mbele vitatu ndani na viwili nje, kwa nyuma kinyume chake, na koleo hilo huzidi kubana unapovuta. Kitakachoachia kwanza ni kucha, au mfupa wa mkono. Ikibidi kumhamisha, toa kijiti kizima naye juu yake. Ndiyo sababu ni vizuri vijiti viwili vitatu vya kizimbani visipigiliwe misumari, vichomekwe tu. Kwa mtoto viwe vyembamba kama kijiti cha mshikaki hadi penseli, ili mguu uweze kukizunguka.

Mkia nao ni mguu wa tano. Hakikisha umefunguka kabla hujasogeza mkono. Si mkia wa mjusi kafiri: ukikatika haumei tena.

Akianguka je?

Ataanguka, tena mara nyingine kwa makusudi. Kinyonga aliyetishika hujiachia ajifiche majanini, na kwenye msitu hilo ni jambo la akili. Kwenye sakafu ya saruji ni balaa. Kaa chini kwenye mkeka, tandaza kanga mapajani, mkono usizidi kimo cha futi moja. Iwe kanga au kitambaa kingine kilichofumwa kwa kubana. Taulo lina vitanzi, kucha hunasa, naye akijinasua huacha kucha hapo.

Akianguka na kutembea vizuri, mrudishe na umwache siku mbili. Akiburuta mguu, au mguu umepinda, shida huenda haikuwa kuanguka. Chunguza lishe.

Lishe inahusiana nini na kushikwa?

Inahusiana sana. Kinyonga mwenye upungufu wa kalsiamu hupata matege: miguu hupinda, taya hulegea, na mkono wa mtu, hata mpole, unaweza kumvunja mbavu. Dalili ya mapema ni kutembea kwa viwiko badala ya kusimama juu ya miguu, na ulimi kukosa shabaha au kuwa mfupi. Ukiyaona hayo, hakuna kumshika.

Mtoto hula mara mbili kwa siku, jumla wadudu wadogo 10 hadi 15, kila mmoja asizidi upana kati ya macho yake. Panzi, nyenje, nzi, mende wachanga wa kufugwa. Wavue kwenye nyasi zisizopuliziwa. Mashamba ya nyanya na michungwa mara nyingi yamepigwa dawa, yaepuke. Vimulimuli usimpe, wana sumu. Siafu pia hapana, watamng'ata yeye.

Kalsiamu ya watu wa pwani iko ufukweni. Ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaotupwa na maji, uokote, uloweke maji baridi siku tatu ukibadilisha kila siku chumvi itoke, uanike juani hadi ukauke kabisa, uukwangue upate unga laini. Tia wadudu kwenye kopo na unga wa kubanwa kwa vidole viwili, tikisa, walishwe papo hapo. Unga huo peke yake haufanyi kazi bila jua la moja kwa moja. Lililopita kwenye kioo halihesabiwi.

Naweza kumtoa kuota jua mkononi?

Kwa mtoto, hapana. Mtoe ndani ya kizimba cha wavu, nusu yake ikiwa na kivuli, dakika 15 hadi 20 kabla ya saa nne. Wa mkononi hana pa kukimbilia joto likizidi. Halafu kuna kunguru. Mji wetu una kunguru wa kutosha, naye kunguru haogopi kutua karibu na mtu kwa ajili ya kitu kinachotambaa. Hata kizimbani usimwache peke yake.

Amening'ata.

Acha mkono ulivyo. Meno yake yameungana na taya na hayaoti mapya, kwa hiyo ukiukurupua mkono unaweza kumng'oa. Shusha mkono ugusane na tawi, ataachia mwenyewe. Mtoto hata ngozi hatoboi. Osha kwa sabuni, basi. Hana sumu kwenye meno, wala kwenye mate, wala kwenye ngozi.

Shangazi anasema kinyonga akizaa hupasuka na kufa.

Mwambie shangazi kwa heshima kwamba wa pwani hutaga mayai, mara nyingi 25 hadi 50, na hapasuki. Hudhoofika sana baada ya kutaga, hasa asipopata maji na kalsiamu, na pengine hapo ndipo maneno yalipoanzia. Jike aliyekomaa akianza kuhangaika chini ya kizimba na kuchimba, usimshike kabisa. Mwekee ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 25 au zaidi, na umfunike asitazamwe.

Watoto na wageni wamshike?

Walio chini ya miaka mitano, hapana, kwa sababu ya salmonela na kwa sababu ngumi ya mtoto haijui kipimo. Wakubwa waanze kwa kumlisha kwa kikombe. Mgeni akitaka picha, apige akiwa kizimbani. Majirani wanaomwogopa waelezwe mapema. Kinyonga akitoroka, mtu mwenye hofu hukamata fagio kwanza.

Nimuweke na mwenzake asipate upweke?

Hana upweke. Watengane, tena wasionane. Kioo nacho kiondoe, atashinda akipigana na huyo anayemwona.

Alikuwa amezoea, sasa anagoma.

Kwanza angalia kama anajivua ngozi. Mtoto hujivua kila wiki tatu nne. Anapauka, ngozi inachanika kama karatasi, anajikwaruza kwenye vijiti. Mwache, wala usimsaidie kuibandua. La pili ni ubalehe: dume akikaribia kupevuka hulinda mahali pake, na mkono uleule uliokuwa tawi unakuwa mvamizi. Rudi hatua ya pili, wiki mbili au tatu. La tatu ni ninyi wenyewe: kizimba kimehamishwa, paka mpya ameingia, au mtu amemnyakua kwa juu wakati haupo.

Akikataa chakula siku mbili mfululizo tangu uanze kumshika, simamisha kila kitu kwa wiki nzima.

Ametoroka ndani ya nyumba.

Funga milango, zima feni, mfungie paka. Tafuta juu: pazia, kamba ya nguo, kona ya chandarua, juu ya kabati. Usipompata mchana usihangaike kupekua, subiri saa mbili usiku, zima taa, pita na tochi taratibu. Kinyonga aliyelala hupauka, na kwenye mwanga wa tochi hung'aa kama jani lililopakwa chokaa, mkia umejikunja. Usimwamshe kwa kumshika mgongoni. Kata au chomoa alichoshikilia, au telezesha kijiti chini ya kifua chake usubiri apande, na umrudishe kizimbani akiwa bado nusu usingizini. Kesho yake asubuhi asiguswe.